Natunga mashairi ya arudhi (yenye mizani na vina) lakini najiona tapeli kwa kuwa si mtu wa pwani. Nitume au ningoje?

KalamuYaBara
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Natunga tarbia, yaani mashairi ya mishororo minne kila ubeti. Ninayo mashairi 32 daftarini, na mhariri wa jarida moja ameomba matano kabla ya Ijumaa ijayo. Kila nikikaribia kutuma, nafuta barua. Kiswahili ni lugha yangu ya pili, kwetu ni bara kabisa, na nikisifiwa nahisi watu wananistahi tu. Naona ipo siku atatokea mtu wa Lamu au Unguja aseme hadharani kwamba huyu hajui kitu. Ubeti mmoja huu hapa, upasueni:

*Mvuvi huenda pwani, bahari ikichafuka,*
*Hupanga nyavu chomboni, upepo ukigeuza,*
*Hata hofu ikiwa moyoni, tanga lake hulitweka,*
*Ukingoja itulie, utabaki ufukweni.*

Niahirishe mwaka mmoja nijifunze kwanza, au nitume?

FundiArudhi
Mkuu, hapo kuna mashaka mawili na umeyafunga kitita kimoja. La kwanza: je, ubeti umetimia? Hilo linahesabika kwa vidole. La pili: je, mimi ni mshairi wa kweli? Hilo halina mizani (silabi za kuhesabu) wala kina (silabi za mwisho zinazofanana), na ukilijibu leo litarudi kesho. Anza na lenye kipimo.

Mshororo wa kwanza: m-vu-vi-hu-e-nda-pwa-ni, nane. Ba-ha-ri-i-ki-cha-fu-ka, nane. Umetimia. Hiyo *m* ya mvuvi wengi huiruka, wakapata saba, wakachomeka neno lisilo na kazi ili kujaza. M au n inayotamkwa peke yake mbele ya konsonanti ni mizani kamili: m-tu, n-chi, m-bwa. Lakini mwalimu ni tatu, maana *mwa* hutoka kwa pamoja. "Nyumba" ni mbili, "ndege" ni mbili.

Wa pili: mizani ipo, kina kimevunjika. Umeweka *-za* mahali pa *-ka*. Tena sikiliza maana: upepo ukigeuza nini? Andika "upepo ukigeuka", na vyote viwili vinapona.

Wa tatu ndio mbaya. Ha-ta-ho-fu-i-ki-wa-mo-yo-ni: kumi. Ukiusoma kimoyomoyo huoni kitu, ukiughani sauti inakimbia kuziwahi zile mbili za ziada. "Hata hofu i moyoni" ni nane, na *i* hiyo ya pekee ni matumizi ya kawaida katika ushairi.

Wa nne una vina vyake, *-e* na *-ni*. Ni ruhusa, mradi ndicho kibwagizo na unakirudia vilevile kila ubeti. Usikiguse, ni mshororo mzuri.

Makosa mawili, kazi ya dakika tano. Hakuna hata moja lililotokana na kwenu ulikozaliwa. Sasa fanya hivyo kwa yote matano. Shairi la beti tano lina mishororo 20, yaani vipande 40, kila mshororo viwili. Mashairi matano ni vipande 200. Saa mbili zinatosha. Weka alama ya penseli juu ya kila silabi, usihesabu kwa macho, kwa sababu macho husoma ulichokusudia.

Bint_Ufukwe
Ndugu yangu, hofu hiyo ya mtu wa pwani naomba niizungumzie kama mtu wa pwani.

Kanuni anazokufundisha FundiArudhi, kitabu chake mashuhuri ni kile cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954. Mwandishi wake, Kaluta Amri Abedi, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala, aliyeipa ngonjera (mashairi ya majibizano) nguvu baada ya Azimio la Arusha la 1967, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Ukiambiwa arudhi ni ya pwani peke yake, taja hao wawili.

Ila kuna mahali ambapo mtu wa bara hunaswa kweli, na wewe ukijihisi mgeni ndipo utakapovutwa kwenda: kuazima lahaja ili usikike mpwani. Utaona mtu ameandika "moya" badala ya moja, "mato" badala ya macho, halafu mshororo unaofuata amerudi kwenye "njoo", wakati anayesema moya na mato husema "ndoo". Msomaji wa Mombasa ataligundua hilo kabla ya kingine chochote. Pitia matano yako, na kila neno ambalo huwezi kulitumia sokoni bila kusita, lipigie mstari. Likiwa linabeba maana isiyobebwa na jingine, libaki. Kama limekuja kwa ajili ya kujipamba, litoe. Ubeti uliotuwekea hauna neno la namna hiyo hata moja, na ndiyo maana unaaminika.

HuruKalamu
Mbona mnamtesa? Aachane na mizani, aandike mashairi huru. Kezilahabi wa Ukerewe alitoa diwani ya mashairi huru mwaka 1974, na mabishano yaliyofuata hayakumzuia mtu.

FundiArudhi
HuruKalamu, nayaheshimu mashairi huru, lakini hiyo si dawa ya shaka. Kwenye huru hakuna pa kuhesabu, kwa hiyo anayejishuku atabaki na lile shaka la pili tupu: ni zuri au si zuri? Kezilahabi aliandika huru kwa kuwa alikuwa na hoja juu ya umbo. Kuikimbia mizani kwa kuogopa kukosea ni jambo jingine kabisa. Akitaka huru ahamie baadaye, kwa hiari yake.

MshauriNasaha
Hali unayoieleza inajulikana. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliiandikia makala mwaka 1978 baada ya kukaa na wanawake zaidi ya 150 waliofaulu sana katika kazi na masomo, ambao hata hivyo waliamini wamewadanganya watu. Haimo katika orodha za magonjwa ya akili, kwa hiyo usijiite mgonjwa.

Hujiendesha kwa mzunguko. Kazi inakuja, hofu inapanda. Mtu ama anajichosha kupita kiasi, ama anaahirisha hadi dakika ya mwisho. Kazi ikipokelewa, aliyejichosha anasema "ni jasho tu, kipaji sina", na aliyeahirisha anasema "bahati". Kwa njia zote mbili sifa haiingii. Ndiyo maana kusifiwa hakukusaidii, na mwaka mmoja wa kujifunza hautakusaidia pia: utakuwa umeahirisha, basi.

Kinachovunja mzunguko ni ushahidi ulioandikwa kabla akili haijaupindua. Chukua daftari, chora safu tatu: tarehe, nilichofanya, kilichotokea. "Nilichofanya" kiwe tendo: nimesahihisha mshororo wa tatu kutoka kumi hadi nane. Usiandike "nimejitahidi". "Kilichotokea" yawe maneno ya msomaji kama yalivyo, si tafsiri yako. Mtu akisema "ubeti wa pili umenikumbusha baba", andika hivyohivyo, usiandike "alinistahi". Kosa la kawaida ni kulijaza siku mbaya tu, likawa daftari la manung'uniko. Lijaze siku ileile ya kazi, mistari miwili tu.

Hofu ikikunyima usingizi au hamu ya chakula kwa wiki mbili mfululizo, hilo limevuka ushairi. Muone mtaalamu wa afya ya akili hospitalini.

MezaYaMhariri
Nijibu swali lenyewe: tuma. Mhariri ameomba matano, hakuomba cheti cha kuzaliwa.

Tafuta wasomaji wawili tu, mmoja anayejua arudhi na mwingine asiyejua. Usiwaulize "ni zuri?", maana swali hilo lina jibu moja la adabu. Anayejua muulize: sauti yako imekwama wapi ulipoghani? Asiyejua muulize: niambie kwa maneno yako shairi linasema nini, na neno gani hukulielewa? Wape siku mbili. Wakikwama wote wawili sehemu ileile, rekebisha. Akikwama mmoja tu, isome tena kwa sauti kisha amua mwenyewe. Wasomaji sita watakupa mashairi sita yasiyo yako.

Masahihisho yawe mapito matatu: mizani na vina, kisha maana, kisha tahajia. Baada ya hapo funga. Pito la nne la mtu mwenye hofu huwa linang'oa mishororo iliyo hai.

Halafu barua. Watu wa aina yako huandika: "Samahani kwa usumbufu, mimi bado najifunza, sijui kama yatafaa, naomba mnivumilie." Mhariri akisoma hivyo anaanza kutafuta makosa kabla hajafika kwenye shairi. Andika: "Naambatanisha mashairi matano ya tarbia kama ulivyoomba. Yote ni mapya na hayajachapishwa popote." Kama ni kweli, lakini! Kisha jina na simu. Wasifu mstari mmoja: jina, unakoishi, unachotunga. Panga lenye nguvu liwe la kwanza na linalolifuata kwa nguvu liwe la mwisho, lenye shaka liwe la tatu.

Akikataa, andika tarehe na majina ya mashairi, ukae nayo siku saba, kisha yatume kwingine. Jarida moja kukataa shairi kunaweza kuwa ni suala la nafasi au mada ya toleo hilo. Wakikataa watatu na wote wakataja jambo moja, hapo una kazi ya kufanya. Ukifikisha mswada wa diwani nzima, iangalie Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Inapokea miswada ya Kiswahili isiyochapishwa, ushairi ukiwemo.

KalamuYaBara
Asanteni sana, wakuu. Nimehesabu matatu kwa penseli. La kwanza lilikuwa na vipande vinne vibovu, la pili kimoja, la tatu limetimia lote. Maneno mawili ya kujipamba nimeyatoa. Naomba uhakika wa neno moja kabla sijaingia la nne: "mmea" ni mizani mbili au tatu?

FundiArudhi
Tatu. M-me-a. Na ukikutana na "mwenyeji" nayo ni tatu, mwe-nye-ji. Endelea.