Draiva inasema SIFURI, halafu kina mama wa kwaya ndio wanaambiwa hawajui mapigo!

Kinanda_Tabata

Wakuu, simtaji. Mnamjua. Kila studio ndogo kuanzia Tabata mpaka Mbagala ina laptopu ya Linux aliyoifunga yeye, na kile kiboksi cha USB cha kuingizia na kutolea sauti, chenye taa ya kijani, kinatumia draiva (programu inayoiwezesha laptopu kuongea na kifaa) aliyoichokonoa yeye. Leo kavuka mpaka na siwezi kulala na hili jambo tumboni.

Kwaya imekuja kurekodi. Watu wazima, sare zimepigwa pasi hata kama hakuna kamera. Kinanda na ngoma nilishaingiza. Sauti ya kwanza wakaimba, nami niko nao mlemle chumbani, nasikia wanatua juu ya pigo kabisa. Kurudisha tusikilize: wako nyuma. Sauti ya pili, nyuma. Besi ndiyo usiseme, ilifika kama basi la mkoani lililopata pancha Chalinze. Mwalimu wa kwaya ananitazama mimi, mimi naitazama laptopu.

Nikamwandikia yule bwana kwa adabu zote: kaka, naomba uangalie, programu ya kurekodi inaniambia ucheleweshaji wa kiboksi ni sifuri, na si kweli. Akajibu kwa ujumbe wa sauti. Nikaufungua, ukatokea spika kubwa. Studio nzima ikasikia: "Mtambo ukisema sifuri ni sifuri. Waambie hao kina mama wakajifunze mapigo kwanza."

KINA MAMA. WAKAJIFUNZE. MAPIGO. Mbele yao! Mama wa alto kaanza kuimba kanisani huyo bwana hajajua hata kufunga kamba za viatu. Alivua hedifoni akaziweka mezani polepole, akachukua mkoba. Sikuwa na la kumwambia.

Walipotoka nikachukua waya mfupi, nikaunganisha tundu la kutolea sauti na tundu la kuingizia. Hapo hakuna alto wala besi, ni waya mtupu. Nikapiga "tik" moja, nikairekodi ikirudi, nikahesabu. Sampuli (vile vipimo vidogo vidogo vya sauti) 1,392! Kwa 48,000 kwa sekunde hiyo ni milisekunde 29. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ni sawa na kumweka mwimbaji mita kumi kutoka kwenye ngoma. Waya nao ukajifunze mapigo?

Programu ya kurekodi haina masikio. Inaiuliza draiva: hii sauti niliyokupa, zimebaki sampuli ngapi njiani kabla haijasikika? Na hii unayoniletea, imekaa njiani kiasi gani? Ikijibiwa ukweli, inaisogeza rekodi iwahi kwa kiasi hicho na kila mtu anakaa mahali pake. Ikiambiwa sifuri, inaamini, haisogezi kitu. Nikafungua msimbo wake. Mahali pa kujibu hilo swali kafuta hesabu yote, kaacha mstari mmoja wa kurudisha 0. Mstari mmoja! Halafu wakajifunze mapigo!

Nataka arudishe ile hesabu na awaombe radhi. Kwa sauti.

Fundi Kebo

Naunga mkono hoja. Na linalouma zaidi ni kwamba hakutakiwa kubuni chochote. Draiva ya kawaida ya USB iliyomo kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux inafanya hiyo hesabu tangu 2011. USB ina kaunta ya fremu, fremu moja kila milisekunde 1 (kwenye kasi kubwa kila fremu inagawanywa mara 8, yaani mikrosekunde 125). Draiva inakumbuka imepanga foleni sampuli ngapi, na kaunta ilikuwa namba ngapi. Ukiiuliza, inatazama kaunta imefika wapi, inatoa zilizokwisha kutoka, zilizobaki ndiyo jibu. Kwa 48,000 kila fremu inabeba sampuli 48. Kwa 44,100 ni 44, na kila ya kumi inabeba 45.

Zamani bila kaunta jibu lilikuwa linaruka kwa mafungu, maana draiva ilijua hali pale tu fungu zima la pakiti lilipokamilika. Hata hilo lilikuwa afadhali kuliko sifuri.

bintiSoprano

Mimi draiva siijui. Lakini kwaya yetu ilirekodi kwenye laptopu ya huyohuyo. Tulinuniana miezi. Kaka mmoja wa besi aliambiwa apumzike kwanza, eti anaburuza. Hakurudi tena. Leo ndiyo nasoma hapa kwamba ni mstari mmoja. Nimeshindwa hata kula.

Nyuki Mkali

Gazeti zima kwa ajili ya milisekunde 29. Shika rekodi, isogeze kwa mkono, endelea na maisha. Watu tunasogeza kwa mkono toka enzi na enzi na hatufungui uzi.

Kinanda_Tabata

Nyuki, nimesogeza! Nikibadilisha bafa (fungu la sampuli zinazosubiri zamu) kutoka 256 kwenda 1,024 namba inakuwa nyingine, naanza upya wimbo mzima. Ndiyo maana draiva inatakiwa iseme yenyewe kila inapoulizwa. Na wewe hukuwepo. Hukumuona yule mama anaweka hedifoni mezani.

Nyuki Mkali

Basi ugomvi wako ni ujumbe wa sauti, siyo draiva. Badilisha kichwa cha uzi.

Mkongwe wa Mixer

Hamia Windows, utapona.

Fundi Kebo

Mkongwe, hata huko draiva za ASIO (zile za sauti za Windows) zinadanganya. Kwa nini unadhani programu nyingi za kurekodi zimewekewa sehemu ya kuandika marekebisho kwa mkono? Mleta uzi, hata ile hesabu ikirudi, kuna kipande cha mwisho ambacho kaunta haikioni: muda unaoliwa na kibadilishi chenyewe ndani ya kiboksi, kile kinachogeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti. Hicho hakibadiliki. Kipime kwa waya kama ulivyofanya, au tumia jack_iodelay, programu ya kupima huo ucheleweshaji, ukiandike kwenye programu basi.

Mkongwe wa Mixer

Mimi kazi zangu zinapigwa redioni, siandiki namba popote.

bintiSoprano

Nyimbo zako zote ni mtu mmoja na biti, utajuaje.

Pwani_Tulivu

Nyie mnalilia milisekunde. Mimi huku Mombasa jirani yangu ana redio, mie nina king'amuzi. Gooooli naisikia kupitia ukutani, nikitazama TV mpira bado uko kwa kipa wetu. Sijawahi kufurahia goli msimu huu. Wa kushtakiwa ni hao.

Nyuki Mkali

Hapo sasa umeongea! Derby ya Simba na Yanga nilitazama kwenye simu. Penalti haijapigwa kwangu, mtaa mzima umeshashangilia na watu wamerudi kukaa.

Fundi Kebo

Hiyo kosa siyo setilaiti. Iko kama kilomita 36,000 juu, kupanda na kushuka ni robo sekunde. Muda mwingi unaliwa na kubana picha kule na kuifungua huku. Kwenye simu, juu ya hapo kuna vipande vinavyopakuliwa kwanza ndipo vichezwe.

Kinanda_Tabata

Jamani turudi kwenye mada. Kuna mtu ana mawasiliano naye mazuri amwambie arudishe ile hesabu?

Mwenye Studio Temeke

Mada halisi ni kwamba kwaya hazilipi. Wanakuja arobaini, wanakaa kutwa, wanakunywa maji yote, mwisho unaambiwa utabarikiwa.

bintiSoprano

Kwaya yetu tunachanga na tunalipa kabla ya kuingia. Sema kwaya zako.

Mwenye Studio Temeke

Mlilipa wapi? Taja bei.

Mkongwe wa Mixer

Mimi kwa kwaya nataka nusu mkononi kabla sijawasha feni.

Pwani_Tulivu

Fundi Kebo, hujanijibu. Nikitoa king'amuzi nikaweka antena ya kawaida juu ya bati, nitampita jirani au bado?

Fundi Kebo

Antena nayo siku hizi ni dijitali, picha inabanwa vilevile. Redio ya FM huipiti. Nunua redio.

Nyuki Mkali

Zima sauti ya TV, washa redio.

Pwani_Tulivu

Nilijaribu. Mtangazaji anashangilia, mimi natazama mtu anafunga kamba za kiatu.