Narudi kazini Jumatatu, kichanga ana wiki kumi na moja. Nyie mliwezaje?

Mama wa Watatu, Kimara

Habari zenu akina mama. Naandika nikiwa ndani ya neti, mdogo ndiyo kwanza ameachia ziwa. Nisipouliza leo, Jumatatu itanikuta sijajipanga.

Nina watoto watatu. Mkubwa ana miaka saba, yuko darasa la kwanza hapa hapa mtaani. Wa kati ni wa kike, ametimiza mitatu mwezi uliopita. Kisha huyu kichanga. Baba yao ni dereva wa lori, anapakia bandarini anapeleka Lubumbashi, na foleni ya Tunduma na ya Kasumbalesa zikiungana, wiki tatu zinakatika hajarudi. Nilipojifungua alikuwepo, alinipikia mtori na kufua nepi kwa mkono wake, ila Jumatatu atakuwa barabarani. Nyumbani tutabaki mimi na dada wa kazi, binti mpole wa miaka ishirini, ana wiki mbili tu na sisi.

Kazi yangu ni kupokea malipo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Gerezani. Saa mbili kamili niwe nimeshakaa, tunafunga saa kumi na moja jioni. Ili niwahi, saa kumi na mbili kasorobo niwe kituoni. Yaani mtoto atanyonya mara ya mwisho saa kumi na moja na nusu alfajiri, tena hanioni mpaka saa moja usiku. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia kuhesabu.

Nataka sana afike miezi sita kwa maziwa yangu tu. Wawili wa kwanza sikuweza. Wa kati nilimwanzishia uji akiwa na miezi mitatu kwa sababu kama hii hii ya kazi, akaharisha mpaka tukalazwa siku nne, na ile sura yake yenye macho yaliyoingia ndani bado naiona. Sasa mama mkwe, ambaye anatupenda na anatoka Mbezi karibu kila siku kuja kutuangalia, anasema mtoto analia kwa kiu, nimpe maji ya kuchemsha na uji mwepesi wa ulezi ili azoee kabla sijaondoka. Kopo la maji na kijiko ameshaviweka kando ya kitanda. Sitaki kumvunjia heshima.

La pili ni huyu wa kati. Alishaacha kukojoa kitandani tangu mwaka jana. Mdogo alipozaliwa ameanza upya, na mchana hanibanduki. Nikienda chooni anakaa mlangoni ananiita. Juzi nilikuwa namnyonyesha mdogo, akaja na kanga yangu, akajifunika kichwa, akalala sakafuni miguuni pangu bila kusema neno. Yule ndiye ananiumiza zaidi ya wote, maana kichanga hajui kama naondoka, ila yeye anajua.

Naomba mnisaidie: maziwa nayakamuaje na yanakaa muda gani kwa joto hili? Asubuhi mnaipangaje? Na huyu wa kati nimfanyeje?

Nesi wa Kliniki, Morogoro

Hongera kwa mtoto, mama. Niko kliniki ya mama na mtoto, swali lako nakutana nalo kila wiki.

Maji hapana, uji hapana, mpaka miezi sita itimie. Maziwa yako yana maji ya kumtosha hata kwa joto la Dar. Akionekana ana kiu, ni ziwa.

Kukamua anza leo, usisubiri Jumapili. Osha mikono kwa sabuni. Kidole gumba kiwe juu ya lile eneo jeusi linalozunguka chuchu, kidole cha shahada chini yake, sukuma kwanza kuelekea kifuani kisha bana na uachie. Usivute chuchu, utajiumiza bure. Alfajiri ndipo matiti yanapojaa: mtoto anyonye upande mmoja, wewe kamua wa pili. Mtoto wa umri huo hunywa wastani wa mililita 700 hadi 800 kwa siku nzima, kwa hiyo kwa masaa kumi na matatu na nusu ya kutokuwepo kwako weka akiba ya kama 400 hadi 450. Siku ya kwanza unaweza kupata vijiko viwili tu. Usikate tamaa, yanaongezeka kadiri unavyokamua.

Nje ya friji, kwenye chumba chenye ubaridi wa wastani, maziwa yanakaa masaa manne. Kwa joto la huko kwenu hesabu pungufu ya hapo. Kwenye friji siku nne, ila yakae ndani kabisa, siyo mlangoni. Yasichemshwe. Dada aweke kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka yapate uvuguvugu. Na ampe kwa kikombe kidogo kisafi, siyo chupa: chupa ni ngumu kuisafisha, na watoto wengine wakishaizoea wanalikataa ziwa. Amkalishe wima, ukingo uguse mdomo wa chini, amwache anywe mwenyewe kwa ulimi. Asimmiminie.

Ukiwa kazini kamua kila baada ya masaa matatu hivi hata kama huna pa kuyahifadhi, la sivyo matiti yatauma na maziwa yatapungua.

Afisa Utumishi, Dodoma

Dada, naomba nikukumbushe haki yako, maana wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Hizo umezitumia. Lakini kifungu hicho hicho, cha 33, kinasema mama anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, mpaka masaa mawili kwa siku.

Kwenda Kimara na kurudi Gerezani mchana haiwezekani. Wanawake wengi hukubaliana na mwajiri waondoke mapema. Andika barua fupi ya heshima, taja sheria, omba utoke saa tisa, na ubaki na nakala. Usiombe kama fadhila. Mpelekee Ijumaa kabla hujaanza, siyo Jumatatu asubuhi dukani kukiwa na wateja.

Bibi wa Ngamiani, Tanga

Mwanangu, mimi nimelea sita, na miaka yote hiyo nilikuwa natoka alfajiri na beseni la maandazi kichwani. Hayo ya maziwa nesi ameshayasema vizuri. Mimi niseme habari ya huyo wa kati.

Mtoto wa miaka mitatu akirudia kukojoa, hafanyi kwa jeuri. Ameona mahali pake pamekaliwa. Usimchape, wala usimwaibishe mbele ya kaka yake. Mtandikie mpira, na saa nne usiku mtu mmoja amwamshe akojoe, basi.

Kisha mpe mahali pengine. Mdogo anaponyonya, kaa chini kwenye mkeka, siyo kitandani, ili ubavu wako mmoja uwe wazi, huyo wa kati aje aegemee hapo. Mpe na kazi ya kweli: yeye ndiye mtunza kanga ya mtoto. Asubuhi yeye ndiye anaileta, jioni yeye ndiye anaipokea. Na siku unaondoka usimtoroke amelala. Mwamshe, umuage, umwambie utarudi wakati gani kwa jambo analolijua yeye: "Kaka akishatoka shule, mkala, mkaoga, nakuja." Atalia. Mwache alie mikononi mwa dada, wewe nenda. Anayetorokwa kila siku hulala jicho moja wazi.

Mkweo usibishane naye hata kidogo. Siku ya kupima uzito mwambie, "Mama, nisindikize kliniki." Akayasikie kwa nesi, siyo kwako.

Na asubuhi yako iishie usiku. Sare ipigwe pasi usiku, viatu viwe mlangoni, uji wa wakubwa ukorogwe alfajiri na kutiwa kwenye chupa ya chai, ukifika saa moja bado wa moto.

Mama wa Watatu, Kimara

Wiki mbili zimepita, narudi na majibu. Asanteni. Bibi, shikamoo, nimekusoma huku machozi yananitoka.

Barua niliipeleka Ijumaa. Bosi aliisoma mara mbili, akasema saa tisa na nusu, siyo saa tisa. Nimekubali kwa sasa, nafika nyumbani saa kumi na moja kasoro. Nakamulia stoo, nyuma ya ndoo za rangi, mwenzangu wa kike anasimama mlangoni.

Siku ya kwanza mtoto alikikataa kikombe mpaka saa tano. Dada akapata wazo ambalo sikumpa: akajitanda kanga niliyolala nayo, ndipo akanywa. Tangu siku hiyo kanga hiyo haifuliwi mpaka jioni, na mtunzaji wake mnamjua. Ananipokea nayo getini, ameikunja anavyojua yeye. Kulia asubuhi bado analia. Kitandani, wiki hii amekojoa mara mbili tu.

Mama mkwe nilimwomba anisindikize Jumanne. Nesi wa pale alimwekea kadi mbele: kilo 5.4 zimekuwa 5.8, kwa maziwa tu. Akamweleza kwa utulivu, akamwita mama. Njiani hakusema kitu, mimi pia sikusema. Jioni nilipoingia chumbani, kopo la maji na kijiko havikuwepo tena kando ya kitanda.

Limebaki moja, nesi. Alhamisi umeme ulikatika kuanzia saa tatu mpaka saa nane. Nilimwaga mililita 120, na mnajua jinsi nilivyozipata. Je, ilikuwa lazima?

Nesi wa Kliniki, Morogoro

Pole sana, mama. Friji ikibaki imefungwa hutunza ubaridi kama masaa manne, kwa hiyo kwa masaa matano hukukosea kumwaga. Kuanzia leo gandisha chupa mbili tatu za maji, uzipange kuzunguka kopo la maziwa. Umeme ukikatika, dada ahamishie vyote pamoja kwenye boksi la kutunzia ubaridi na kifuniko kifungwe, na huyo mtunza kanga aambiwe asifungue kuchungulia.