Kisu "original" cha shilingi 1,800, mishono minne kidoleni

Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikipishana mnisamehe. Wa kulia una bandeji nene kama andazi. Hasira ninazo tangu Jumanne na nisipozitoa leo zitaniumiza zaidi ya kidole.

Kazi yangu ni kamba na maturubai ya mashua, hapa Mombasa, upande wa Tudor. Kutwa nakata: nailoni, mshipi, plastiki za kufungia mizigo, saa nyingine ndimu ya kulia samaki. Kwangu kisu cha kukunja si pambo. Kile changu cha zamani kilitumbukia majini mwezi uliopita, maji yamejaa, wala sikujisumbua kuchungulia. Ndipo nikapanda mjini kutafuta kingine.

Duka silitaji. Si mbali na Mwembe Tayari, hilo latosha. Kijana akanitolea kisu cheusi, ubavuni kina fuvu la kichwa, kwenye mpini kina msalaba mweupe, na ndani kina springi: ukigusa kidogo tu bapa linaruka lenyewe, chwaa! "Original Uswisi hiki, kaka. Makamando wanatumia." Halafu akajinyoa malaika ya mkono mbele yangu. Nami, mtu mzima nina watoto watatu, nikatuma 1,800 kwa M-Pesa kwa ajili ya malaika ya mkono wa mtu.

Yakhe, hata wembe wa kiosk unanyoa malaika! Makali ya dukani hayakwambii yatakaa siku ngapi, wala hayakwambii bapa litasimama au litakurudia ukilikandamiza. Lakini ndivyo visu vinavyouzwa mji huu: kwa mlio, rangi nyeusi na fuvu. Muulize muuzaji ni chuma gani, atakujibu "chuma kizuri". Muulize kufuli yake, ile inayozuia bapa lisijikunje, ni ya namna gani, atakuangalia kama umemuuliza jina la nyanya yake.

Nyumbani nikavaa miwani. Pameandikwa "Switzeland". Herufi nzima haipo. Tena hao Victorinox, watengenezaji wa visu vya Uswisi wa kule Ibach, walioanza kazi mwaka 1884, kisu chao chekundu kile cha milimita 91 hakina kufuli kabisa, kinashikwa na springi ya mgongoni tu, na msalaba wao umo ndani ya ngao. Fuvu la nini? Ningekirudisha jioni ile ile. Hapo kosa ni langu, nilisema acha, mradi kinakata.

Siku ya nne kutu. Ile rangi nyeusi ilibanduka kama rangi ya kucha baada ya kupita kwenye kamba zenye maji ya chumvi, na chini yake vidoa vya kahawia tele. "Stenlesi haishiki kutu," aliniambia yule kijana. Wa bara wadanganyane hivyo, si sisi. Stenlesi inalindwa na ngozi nyembamba sana inayotokana na kromiamu iliyomo, na chumvi ya bahari kazi yake ni kuitoboa ngozi hiyo, kitundu kitundu. Zipo stenlesi zinazostahimili na zipo zisizostahimili. Kila aina ya chuma ina namba yake: chuma laini kama 420 kinavumilia chumvi ila makali yanakimbia mapema, itakubidi uwe na kinoo karibu. D2, ambayo watu wanaisifu sana, inashika makali vizuri, lakini kromiamu yake nyingi imefungwa na kaboni, kwa hivyo ukiipeleka baharini bila kuifuta itakuaibisha. Ipo H1, imetiwa naitrojeni badala ya kaboni, hiyo chumvi haiiwezi, lakini bei yake usiulize. Changu mimi hakikuwa chochote katika hivyo. Kilikuwa bati lililopakwa rangi.

Sasa Jumanne. Maji yamekupwa, mashua imelala ubavu, kamba ya nanga ya milimita 12 imejifunga fundo gumu kama kokwa la embe. Nikachomeka ncha ya kisu ndani ya fundo, nikasokota ili lilegee. Fundo lina chombo chake, najua, msinifundishe kazi. Kilikuwa mkobani, hatua tatu tu, na uvivu ni wangu. Lakini kisu chenye kufuli kikisokotwa kinatakiwa kikatae, au kivunjike ncha. Hiki kilisema "tik", sauti ndogo tu, bapa likajikunja likanikuta kidole cha shahada. Sikuhisi maumivu mwanzo. Niliona kamba inabadilika rangi. Mishono minne, na daktari ananiuliza nimepigana na nani.

Usiku nikakifungua kwa bisibisi. Ndani ya mpini mna kipande cha bati chembamba kilichopindwa kidogo. Ukifungua kisu, bati hilo linaruka na kujiegemeza nyuma ya kitako cha bapa. Hiyo ndiyo kufuli nzima, hakuna kitu kingine kati ya kidole chako na makali. Kwenye kisu cha maana bati huingia vizuri, likashika robo ya kitako au zaidi. Kwenye hiki lilikuwa limegusa ukingo, unene wa kucha, na kitako chenyewe kimechongwa mviringo kama kimetafunwa na panya. Kwa hivyo kilikuwa kinasubiri siku tu. Jambo hili unaliona kwa macho, dukani, kwa kuchungulia mgongoni mwa mpini kisu kikiwa wazi! Kisha unageuza, unakandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia ya makali, na unalitikisa kushoto na kulia uone kama linacheza. Dakika moja. Muuzaji akikataa usijaribu, mrudishie kisu chake, uende.

Nimerudi dukani jana. Kijana: "Ulikishika vibaya." Mwenye duka akaninyooshea kibao ukutani, "Mali ikishauzwa hairudishwi", halafu, nikiwa na bandeji mbele yake: "Kwani hukutaka kinachokata?" Wakacheka wote wawili.

Kibao si sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na ya kufidiwa akidhurika kwa kasoro yake. Na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Yule bwana na aniambie "Switzeland" ni ubora gani.

Ami yangu wa Kibokoni, baharia mstaafu, alikigeuzageuza akanirudishia. "Hiki walikuuzia pamoja na filamu yake?" Yeye ana Opinel namba 8, ile ya Wafaransa ya mpini wa mti, bapa lake limepigwa chapa ya mkono wenye taji. Kufuli yake ni pete ya chuma shingoni unayoizungusha kwa kidole, wameitia tangu 1955, na mpaka leo hakuna cha kuteleza. Ina vituko vyake: masika mti unavimba, kisu hakifunguki mpaka ukigonge kitako mezani, na chuma chake ni kile cha kaboni, ukikisahau na maji ya chumvi usiku mmoja asubuhi ni chekundu. Ami anakiosha kwa maji matamu na kukipaka mafuta ya cherehani. Ya nazi hataki, anasema yanaganda kama gundi. Chenye neno "INOX" kwenye bapa ndicho cha stenlesi, mimi nitatafuta hicho.

Halafu askari wa ferini pale Likoni. Kile cha fuvu nilipita nacho ferini mara moja tu. Askari alikitoa mkobani, kikaruka mkononi mwake chwaa, watu wa nyuma wakarudi hatua. "Hiki cha nini?" Na habari za vijana wa panga tulizozisikia Kisauni, ungemlaumu? Ilibidi nimwonyeshe kamba, sindano na sugu za mikono ndipo nikapita. Kisu cha springi cha nini mtu wa kazi? Kidogo, cha kufunguliwa kwa mikono miwili, kikae mkobani pamoja na vyombo vingine, na ukiulizwa jibu unalo.

Na wale mtakaoniambia "nunua cha jikoni uzungushie gazeti", nawaona mnavyoandika. Nyamazeni.

Ninachotaka: anayejua duka hapa Mombasa, kisiwani au bara yake, linalokuachia ukijaribu kisu na likakubali kukirudisha kikiwa na kasoro, alitaje. La kwangu nimeshalifahamu. Jumatatu naenda tena, na ujumbe wa M-Pesa, na Kifungu cha 46 kimechapishwa kwa herufi kubwa, na kidole.