SOC, uchunguzi wa mtandao au uchunguzi wa vifaa: njia ipi inalipa kwa fundi mtandao?

Kitasa (ameanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi. Nina diploma ya TEHAMA na CCNA (cheti cha mitandao cha Cisco), kazi ya sasa ni swichi na ruta kwenye kampuni ya huduma za intaneti. Nataka kuhamia uchunguzi wa uhalifu wa mtandaoni. Naona milango mitatu: SOC (kituo cha kufuatilia usalama wa mifumo), uchunguzi wa trafiki ya mtandao, na uchunguzi wa vifaa, yaani diski na simu. Naomba mnilinganishie: kazi yenyewe ikoje, watu wanakwama wapi, na cheti gani kinalipa. Bajeti ya mwaka huu ni dola 500. Laptop ina RAM ya GB 16.

MamaPakiti

Karibu mkuu. Mimi ningeanza na msomaji wa ripoti. SOC unamwandikia kiongozi wa zamu, naye anataka jibu ndani ya dakika chache: hili ni shambulio au ni kelele? Kwenye mtandao unamwandikia mkuu wa TEHAMA ambaye tayari ameibiwa, anauliza wezi walipita wapi na wametoka na nini. Kwenye vifaa msomaji wa mwisho ni hakimu, na kabla yake yupo wakili wa upande wa pili anayelipwa kutafuta tundu kwenye kazi yako.

SOC ni foleni ya arifa, usiku na mchana. Mfano wa kila wiki: Windows inatoa tukio 4625, kushindwa kuingia, mara mia kadhaa ndani ya dakika kumi kutoka anwani moja. Kisha linakuja 4624 moja la aina ya 10. Hapo mtu ameingia kwa Remote Desktop na amefaulu, kwa hiyo unapandisha tiketi na kutazama kama limefuata 4720 (akaunti mpya imeundwa) au 1102 (logi ya usalama imefutwa). Sasa mtego wenyewe: NLA (uthibitisho wa mtumiaji kabla skrini ya mbali haijafunguka) ikiwa imewashwa, majaribio yaliyoshindwa ya Remote Desktop huandikwa aina ya 3 (kuingia kupitia mtandao). Anayechuja 4625 kwa aina ya 10 peke yake hulikosa shambulio zima, huku skrini ikimwambia kila kitu ni shwari.

Wanaodumaa SOC ni wale wanaofunga arifa kwa kufuata mwongozo bila kuifungua logi ghafi. Miaka mitatu inapita, mtu anajua vitufe vya programu moja tu. Ila ndiyo mlango wenye ajira nyingi: benki, kampuni za simu, na kampuni zinazouza huduma ya ulinzi kwa wengine.

bandari_443

Naongezea upande wa mtandao, kwa sababu CCNA yako hapo ndipo inapohesabika zaidi.

Kwanza, tangazo la kazi lililoandikwa "mchunguzi wa mtandao" pekee ni nadra huku kwetu. Kazi hiyo imo ndani ya timu za kushughulikia matukio, au inaangukia kwa mtu wa SOC wa ngazi ya pili au ya tatu. Tafuta majukumu yalivyoandikwa, usitafute jina la cheo.

Pili, fanya hesabu kabla ya kuahidi kunasa kila kitu. Laini yenye wastani wa megabiti 200 kwa sekunde ni megabaiti 25 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 86,400: terabaiti 2.16 kwa siku, karibu 65 kwa siku 30. Hakuna anayenunua diski za hivyo kwa ajili ya "huenda". Ndiyo maana kazi halisi hutegemea ngazi tatu: NetFlow (muhtasari wa nani kazungumza na nani, baiti ngapi) ya miezi, logi za Zeek (programu inayogeuza trafiki kuwa logi) za wiki kadhaa, na pakiti kamili za siku chache tu, tena kwenye sehemu nyeti.

Tatu, mahali pa kunasia. Wengi huwasha poti ya kioo (inayonakili trafiki ya poti nyingine) kwenye swichi na kuridhika. Poti ya gigabiti 1 inabeba gigabiti 1 kwenda na 1 kurudi. Ukizimwaga zote kwenye poti moja ya kioo ya gigabiti 1, zinazozidi zinatupwa kimyakimya, na zinatupwa wakati trafiki imepanda, yaani wakati ule mwizi anatoa data. Kwenye sehemu muhimu weka TAP, kifaa cha kunakili trafiki moja kwa moja kwenye waya. Ukiwa na Zeek, tazama safu ya `missed_bytes` kwenye `conn.log`. Ikiwa na namba kubwa kwenye miunganisho mingi, picha yako ina mashimo na uyataje kwenye ripoti kabla wengine hawajayataja.

Na msidanganyane kuhusu kusoma yaliyomo. Kwenye TLS 1.3, toleo la 2018 la usimbaji wa trafiki ya wavuti, hata cheti cha seva husafiri kimefichwa. Kinachobaki ni jina la seva kwenye salamu ya kwanza (nalo linaanza kufichwa), maswali ya DNS (majina ya tovuti yanayotafutwa) kama hayajapitishwa ndani ya HTTPS, ukubwa wa data, na mapigo, yaani mwendo wa kurudiarudia. Mashine inayogonga anwani ileile kila baada ya sekunde 60, usiku kucha, baiti zilezile, inatia shaka. Lakini antivirusi na masasisho nayo hupiga hivyohivyo. Ukimaliza kupanga mapigo, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kizibo

Mimi niko tofauti kidogo na waliotangulia. Afrika Mashariki kesi nyingi zinazofika mahakamani zinabebwa na simu: pesa za simu, laini iliyobadilishwa, mazungumzo ya WhatsApp. Anayejua kuchukua ushahidi kwenye kifaa bila kuuchafua hakosi kazi, awe polisi, benki, kampuni ya ukaguzi au upande wa utetezi.

Utaratibu wenyewe ni mkavu. Simu ikikutwa imewaka, usiizime. Simu iliyofunguliwa walau mara moja tangu iwashwe hutoa data nyingi kuliko iliyozimwa na kuwashwa upya, kwa sababu funguo za usimbaji bado zimo kwenye kumbukumbu yake. Iweke kwenye mfuko wa Faraday (unaozuia mawimbi) pamoja na pawabenki, vyote ndani, maana simu isiyopata mnara huutafuta kwa nguvu na kumaliza chaji. Kwenye kompyuta iliyowaka, anza na RAM, kisha uliza kama BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) imewashwa kabla hujagusa plagi. Ukizima bila ufunguo wa kurejesha, diski umeigeuza tofali.

Nakala ya diski ya terabaiti 1 inayozunguka, kwa kasi ya megabaiti 120 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa mbili, na kuihakiki hashi (alama ya kidijitali inayoonyesha nakala haijabadilika) ni kama muda uleule tena. SSD, diski isiyozunguka, ni mtihani wa aina nyingine. Kizuia-maandishi (write blocker) kinazuia amri za kuandika za kompyuta yako, lakini hakiizuii SSD kujisafisha yenyewe kwa ndani pindi inapopata umeme. Faili lililofutwa jana laweza kuwa limekwenda kabla hujafika.

Kinachowazuia wengi ni bei. FTK Imager na Autopsy ni bure na zinatosha kwa diski. Leseni za kufungulia simu, kama za Cellebrite, ni pesa za taasisi, siyo za mtu binafsi. Kwa dola 500 hutafanya mazoezi ya maana ya simu zilizofungwa.

Mwanasheria_wa_Logi

Kizibo umegusa mahakama, nami nidokeze. Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, itazame jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai hati ya uthibitisho iliyosainiwa na mtu mwenye dhamana ya mfumo uliotoa rekodi. Logi nzuri isiyo na hati hiyo huishia kubishaniwa kabla hata haijasomwa.

Hili linamhusu mchunguzi wa mtandao vilevile, ingawa wengi wao hujiona wako mbali na korti. Piga hashi faili la pakiti dakika linapofungwa, andika nani alilishika na saa ngapi, fanyia kazi nakala.

Na saa, ndugu zangu. Shahidi anasema "saa nane usiku wa kuamkia Jumanne". Hiyo ni 02:00 ya kwetu Jumanne, lakini logi za UTC (saa za kimataifa) zitaandika 23:00 ya Jumatatu. Event Viewer inaonyesha saa za eneo la kompyuta unayotazamia; programu nyingi za kuchambua logi zilezile zinatoa UTC. Wachunguzi wawili, ripoti mbili, tofauti ya saa tatu na tarehe mbili. Chagua UTC kwa jedwali zima, weka safu ya pili ya saa za Afrika Mashariki, na maneno ya shahidi yaache kama alivyoyasema.

Kitasa

Asanteni sana wakuu. Kuhusu vyeti sasa? Na je, kuwa kwenye kampuni ya intaneti kunanisaidia au hakuna kitu?

MamaPakiti

Kwa dola 500: Security+ (cheti cha msingi cha usalama cha CompTIA) peke yake, hapo bajeti imekwisha karibu yote. Ni maswali yasiyozidi 90 ndani ya dakika 90, inavusha CV kwenye mchujo, haifundishi uchunguzi. CHFI, cheti cha uchunguzi cha EC-Council, ni maswali 150 ya kuchagua kwa saa nne. Maofisa rasilimali watu wanaijua, wakuu wa timu hawaishangilii. GNFA, cheti cha GIAC, ndiyo inayolenga mtandao hasa, lakini kozi yake ya SANS inazidi dola 8,000. Ukiona mwajiri analipia, ikamate. Mtihani unaruhusu vitabu vilivyochapishwa, kwa hiyo faharasa unayojitengenezea ndiyo inayokupa alama. Kwa mfuko wako mwenyewe, hapana.

Mazoezi ni bure. Pakua faili za pakiti za malware-traffic-analysis.net, zifungue ndani ya mashine pepe maana zina programu hasidi halisi, kisha zipitishe kwa Zeek na Suricata (inayotoa arifa za mashambulizi):

`zeek -C -r kesi.pcap`

`suricata -r kesi.pcap -k none -l logi/`

Hizo `-C` na `-k none` usizisahau. Pakiti zilizonaswa kwenye kompyuta yenyewe mara nyingi zina checksum (namba ya kukagua makosa) mbovu, kwa kuwa kadi ya mtandao ndiyo huikamilisha baada ya kunaswa. Bila hizo, Zeek huzikataa na Suricata huweza kuzikataa, na wewe unaona logi karibu tupu na kudhani faili limeharibika. Kisha shika `uid` (namba ya utambulisho) ya muunganisho mmoja kwenye `conn.log` na uifuate kwenye `dns.log`, `ssl.log` na `files.log`. Andika kurasa mbili: mashine ipi, mtumiaji yupi, iliambukizwa saa ngapi kwa UTC, ilizungumza na nani. Tatu za hivyo zinaongea kuliko cheti cha pili.

bandari_443

Kampuni ya intaneti inakusaidia sana, ila kwa kitu kimoja mahususi: CGNAT. Huku wateja mamia hushiriki anwani moja ya umma. Polisi wakileta anwani ya IP na tarehe tu, hakuna jibu. Inatakiwa poti ya chanzo na saa hadi sekunde. Anayejua logi hizo zinavyoandikwa, zinatunzwa muda gani na kwa nini seva nyingi za wavuti hazirekodi poti ya chanzo, tayari ana ujuzi ambao mtu wa SOC hana. Kwa msingi huo mimi ningekuelekeza mtandao, ukipitia SOC mwaka mmoja au miwili ili uzoee Windows.

Mwanasheria_wa_Logi

Lakini usijifunzie kwenye trafiki ya wateja. Kunasa mawasiliano bila ruhusa ni kosa, Tanzania chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya chini ya sheria ya 2018. Kuwa na nenosiri la ruta si ruhusa.

Kitasa

Nimekuelewa. NetFlow za usimamizi tayari naruhusiwa kuzitazama kikazi. Nianzie wapi?

bandari_443

`nfdump -R /data/flows -s dstip/bytes -n 20` itakupa anwani 20 zilizopokea data nyingi. Kabla ya hapo, soma mpangilio wa ruta. Ikiwa inachukua pakiti 1 kati ya 1,000, muunganisho wa pakiti 12 una nafasi kama asilimia 1.2 ya kuonekana. Kwa sampuli hiyo utaona mtu anayetoa gigabaiti 40. Yule anayepokea amri kwa pakiti chache kila saa hutamwona, na ripoti isiandike kwamba hakuwepo.