Sikukuu tunapewa, haki hatupewi: Serikali ya Marekani inawazuga Weusi mchana kweupe

Wakuu leo mnivumilie, nimekereka. Kila ikifika Juni 19 ni heri ya Juneteenth kila kona, sikukuu ya kukumbuka mwisho wa utumwa Marekani, sasa hivi tunaipongeza serikali kwa lipi haswa??

Siku yenyewe sina ugomvi nayo, Weusi wa Texas walianza kuisherehekea wenyewe 1866 bila kuomba ruhusa ya mtu. Kisheria walishatangazwa huru tangu Januari 1863, ila jeshi limekuja kuwasomea tangazo pale mjini Galveston Juni 1865, miaka miwili na nusu watu wanatumikishwa bure tu. Mimi nagombana na serikali. 2021 Seneti ikapitisha iwe sikukuu ya taifa, hakuna hata mmoja aliyepinga, Biden akasaini, mapicha kibao. Januari 2022 ukaja muswada wa kulinda haki ya kupiga kura, Seneti ileile, ukafia palepale. Yani kupewa siku ya kulala nyumbani fasta, kulindiwa kura ndo kizungumkuti.

Na ndo zao hawa. 2009 Seneti hiyohiyo iliomba radhi kwa utumwa, safi kabisa, ila shuka mpaka chini ya azimio uone walichochomeka, kwamba humo hamna kinachompa mtu nguvu ya kuidai Marekani chochote. Ni sawa na mtu akugonge na gari, akupe pole, hapohapo akusainishe kwamba hutomdai hata hela ya panadol. Za kina Pelosi, Spika wa Bunge wakati ule, kujifunga kente, vitambaa vya Kiafrika, na kupiga magoti 2020 hata siziongelei, muswada wa polisi wenye jina la George Floyd, yule Mweusi aliyeuawa na polisi mwaka huohuo, mpaka leo haujawa sheria.

Ila linaloniuma kuliko yote ni la mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma. 1921 wazungu walichoma mtaa mzima wa Weusi, Greenwood, wakaua watu. Tume ya jimbo lenyewe la Oklahoma ikaja kupendekeza 2001 manusura walipwe, jimbo likafanyaje? Likawapa medali. Medali jamani!! Bibi Viola Fletcher alikuwa na miaka 7 siku ile, Mei 2021 akaenda kutoa ushahidi mbele ya Bunge ana miaka 107, mwezi uliofuata Biden mwenyewe akatua Tulsa na hotuba yake. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Oklahoma ikaitupa kesi ya manusura ya kudai fidia. Bibi amefariki Novemba 2025, na serikali hawajamlipa hata senti.

Sasa aje mtu hapa aniambie nishukuru.