Data za wafanyakazi tunazo kibao, tunapangaje mafunzo?

Wakuu, niko kitengo cha rasilimali watu, tuna faili la Excel lina kila kitu, tarehe za kuajiriwa, likizo, kozi, ila bosi akiuliza nani aende mafunzo tunabaki kukisia tu. Naanzia wapi?

Jibu 1: Anza na umri mkuu. Sisi tulipanga watu kwa miaka iliyobaki kustaafu tukakuta mafundi watatu wa mashine moja wanaondoka mwaka mmoja na hakuna hata mmoja aliyeachiwa ujuzi wao!!

Jibu 2: Cheki pia wanaoacha kazi wanaacha baada ya muda gani, wengi wakitoka kabla ya mwaka basi mwangalie msimamizi wao, semina haitasaidia kitu hapo

Jibu 3: Ila mambo ya matibabu usiyachanganye humo aisee

Muuliza: Umri sikuuwaza kabisa, naufungua sasa hivi