Naomba ushauri: binti yangu anaishiwa damu mara kwa mara

Ndugu zangu, binti yangu wa miaka 13 ana hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya gramu 9 kwa desilita, ilhali kwa umri wake haipaswi kushuka chini ya 12. Vidonge vya madini ya chuma huipandisha kidogo, kisha inashuka tena. Tangu avunje ungo hedhi yake ni nzito mno, na damu ya pua humtoka usiku hadi foronya inalowa, kwa hiyo nashuku kasoro ya kuganda kwa damu, wala si lishe kama tunavyoambiwa kila mara. Chembe sahani zake (chembe ndogo za damu zinazosaidia kuzuia kuvuja) zinatosha, lakini nafahamu kwamba hilo haliondoi uwezekano wa ugonjwa wa von Willebrand, yaani upungufu au kasoro ya protini inayosaidia damu kuganda. Je, aliyelea mtoto wa namna hii alianzia kwa daktari gani, na aliomba vipimo vipi?